Jasusi na Mwenye Kumtafuta

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Vijana wa darsa yetu wametuletea swali ambalo twaona si la darsa moja wala la mji mmoja. Wameuliza: watu wakikusanyika kudai haki yao, wakapiga kambi wakakaa pamoja, kisha wakapata yakini, au karibu na yakini, kuwa miongoni mwao mna mtu anayepeleka khabari zao kwa hasimu wao, je, ni wajibu wao kumsaka mtu huyo mpaka wamtoe? Au kwa kuwa dhana mbaya juu ya ndugu ni haramu, wanyamaze hata wakijua kuwa wanauzwa?

Hatustaajabu kuulizwa hayo. Mwezi Juni 2024 vijana wa nchi hii waliingia njiani kuupinga Mswada wa Fedha, wakisema kuwa hawana kabila, hawana chama, wala hawana kiongozi. Haikupita miezi mingi, wakati ambapo baadhi yao walikuwa wakitekwa na watu wasiovaa sare, ikawa aliyekaa na wakubwa kuzungumza huitwa kibaraka, na aliyenyamaza huitwa aliyenunuliwa. Na sisi watu wa pwani tulilijua neno hilo kabla yao. Kwetu, katika miaka iliyopita, wako waliouawa majumbani mwao kwa kusemwa tu kuwa ni majasusi wa serikali, na wako waliopotezwa kwa kusemwa tu kuwa ni wa makundi ya silaha. Pande zote mbili kilichotangulia ni neno la mtu, na ushahidi haukuletwa popote.

Walioleta swali wamechanganya mambo mawili, na wengi huyachanganya. Kuna hadhari na kuna dhana. Mwenyezi Mungu Mtukufu katika Suratun Nisaa amewaamrisha walioamini washike hadhari yao mbele ya adui, na katika Suratul Hujurat akawaamrisha wajiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Maneno ya Mola hayagongani. Hadhari hushikwa juu ya jambo: mlango, barua, fedha, siri ya safari, ufunguo. Dhana hutupwa juu ya mtu: moyo wake, nia yake, asili yake, rafiki zake. Mwenye hadhari hufunga mlango wake usiku hata kama jirani zake wote ni mawalii. Mwenye dhana huuacha mlango wazi, akakesha dirishani akiwahesabu jirani.

Twasema tangu mwanzo, ili msomaji ajue tuendako, kuwa hadhari ni wajibu, na dhana juu ya mtu bila ya dalili ni haramu, na kuwa jamaa iliyoacha ya kwanza ikashika ya pili humalizia adui kazi yake kwa mikono yake yenyewe.

Mfano wetu tutautoa mbali, katika nchi ya Marekani, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Mfano wa karibu una wenyewe, na msomaji hushika upande wake kabla hajamaliza mstari.

Katika majimbo ya Dakota wanakaa watu wa kabila la Lakota, nao ni katika wenyeji wa asili wa nchi ile, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. Serikali ya Marekani iliandikiana nao mkataba huko Fort Laramie mwaka 1868, kisha ikauvunja dhahabu ilipoonekana katika milima yao. Mwaka 1890 wanajeshi waliwaua zaidi ya watu mia moja na hamsini katika wao, wanawake na watoto wakiwamo, mahali paitwapo Wounded Knee. Mahali hapo hapo, tarehe 27 Februari 1973, watu kiasi cha mia mbili wakiwa na chama kiitwacho American Indian Movement waliingia wakakaa, wakidai mikataba itimizwe, na kuwa mwenyekiti wa kabila, ambaye walimwona mdhalimu, aondolewe. Serikali kuu iliwazingira kwa silaha muda wa siku 71, na wawili katika wao wakauawa kwa risasi.

Baada ya mazingiwa hayo viongozi walishitakiwa. Wakati huo chama kilikuwa na mtu aitwaye Douglass Durham, rubani na mpiga picha, mwenye bidii, hachoki, na kila lililotakiwa alilifanya. Alipandishwa mpaka akawa mkuu wa usalama wa chama, yaani yeye ndiye aliyeangalia nani aingie na nani asiingie, nani aaminiwe na nani atazamwe kwa jicho la pembeni. Alikaa karibu na viongozi wakati kesi yao ikiendelea. Mwezi Machi 1975 mtu huyo alikiri mbele ya waandishi wa khabari kuwa alikuwa akilipwa na idara ya upelelezi, FBI.

Msomaji asimame kidogo hapa. Watu wale hawakukosa mlinzi. Walikuwa naye, naye ndiye mwizi.

Wenye kusoma Sira wataukumbuka usiku wa mwisho wa vita vya Khandaq, mwaka wa tano wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipomtuma Hudhayfa bin Yaman (r.a.) aingie katika kambi ya Maquraishi alete khabari. Upepo ulikuwa mkali, moto hauwaki, na kiza kimetanda. Abu Sufyan alihisi jambo, akawaambia watu wake kila mmoja amwangalie aliye kando yake. Hudhayfa hakungoja kuulizwa. Alimshika mkono aliye kando yake akamwuliza yeye kwanza, wewe ni nani? Yule akataja jina lake, na Hudhayfa akasalimika. Katika mkusanyiko ule wote, aliyekuwa mwepesi zaidi wa kuuliza ndiye asiyekuwa wa kambi ile.

Hatusemi kila mlinzi ni jasusi. Tukisema hivyo tutakuwa tumetumbukia katika shimo tunalolikimbia. Tunalosema ni kuwa wingi wa kutuhumu si dalili ya uaminifu, na watu huufanya kuwa dalili. Mwenye kunyoosha kidole huhesabiwa kuwa amesafika, na hakuna anayegeuka kumtazama yeye.

Durham alipojulikana, chama hakikupata raha. Watu walikwenda na hesabu iliyo nyepesi, wakasema, ikiwa yule alikuwa jasusi, ni nani asiyekuwa? Miongoni mwao alikuwapo mwanamke wa kabila la Mi'kmaq kutoka Nova Scotia, nchi ya Kanada, jina lake Anna Mae Aquash, mama wa mabinti wawili, aliyeshiriki Wounded Knee. Mwezi Septemba 1975 alikamatwa na serikali kisha akaachiliwa upesi, na kuachiliwa upesi, katika macho ya wenye khofu, ni ushahidi. Mwezi Disemba mwaka huo wenzake walimchukua, wakamhoji, wakampeleka katika ardhi ya Pine Ridge wakampiga risasi ya kichwa. Maiti yake ilionekana mwezi Februari 1976. Wanaume wawili walikuja kuhukumiwa kwa kumwua, mmoja mwaka 2004 na mwingine mwaka 2010. Hakupatikana ushahidi wowote kuwa aliwahi kufanya kazi ya upelelezi.

Jasusi wa kweli, ambaye kila mtu alikwisha kumjua, alitoka na roho yake. Aliyekufa ni yule asiyekuwa jasusi. Wala hili si la kustaajabisha kwa mwenye kuzingatia, kwa sababu jasusi wa kweli hufundishwa kufanana na mwaminifu, na mwaminifu hakufundishwa na mtu yeyote kufanana na kitu. Husema ovyo, hukasirika, huchelewa, hupotea siku mbili bila ya kueleza, na kila moja katika hayo huandikwa juu yake.

Na zaidi ya hayo, kazi hii ya kuwatia watu shaka baina yao ilikuwa na mafundi wake. Tarehe 8 Machi 1971 watu fulani walivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, jimbo la Pennsylvania, wakayatoa majalada na kuyapeleka magazetini. Baadaye kamati ya Seneti chini ya Frank Church ilichunguza, na mwaka 1976 ikatoa ripoti yake. Ilibainika kuwa idara ile, katika mpango wake wa siri ulioanza mwaka 1956, ilikuwa na hila ya kumpaka mwanachama mwaminifu rangi ya ujasusi. Huandikwa barua isiyo na jina, au hutupwa neno mahali litakapookotwa, kisha wenzake wakafanya yaliyobaki. Jasusi hutaka mshahara kila mwezi. Barua ya uvumi hutaka stempu tu.

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kutoijua silaha hii, kwa kuwa tumesomeshwa nguvu zake katika Sira hiyo hiyo ya Khandaq. Makabila yalikuja Madina na watu kiasi cha elfu kumi, na Bani Quraydha ndani ya mji wakavunja ahadi wakawaunga mkono. Nuaym bin Masud (r.a.) alikuwa amesilimu na watu wake hawajui. Mtume (s.a.w.) akamwambia afanye awezalo kuwatawanya, kwani vita ni hila. Akaenda kwa Bani Quraydha akawapa nasaha kuwa wasipigane mpaka Maquraishi wawape watu mashuhuri wao kuwa rehani, wasije wakaachwa peke yao. Kisha akaenda kwa Maquraishi na Ghatafan akawaambia kuwa Bani Quraydha wamejuta, na watawaomba watu wa rehani ili wamkabidhi Muhammad. Basi wale walipotaka rehani, hawa wakasema, Nuaym amesema kweli. Na hawa walipokataa, wale nao wakasema, Nuaym amesema kweli. Upepo wa Mwenyezi Mungu ukaja ukawakuta wameshagawanyika.

Tulitazame vizuri jambo hili, kwani hapa ndipo ilipo siri ya maudhui yetu. Kila upande haukutaka ila kuhakikishiwa uaminifu wa mwenzake. Kutaka huko kuhakikishiwa ndiko kulikokuwa dalili ya khiana kwa upande wa pili. Dhana haina tabia ya kungoja ushahidi uje. Hujizalia ushahidi wake wenyewe. Ukimshuku ndugu yako utambania khabari; ukimbania khabari ataona ametengwa; akiona ametengwa atakaa na wengine; akikaa na wengine utasema, hakika sikukosea. Na yeye kwa upande wake amekuona umebadilika, naye ana hesabu yake.

Turudi Dakota. Mwaka 2016 watu wa Standing Rock, nao ni katika jamaa hao hao wa Lakota na Dakota, walipiga kambi kuzuia bomba la mafuta lenye urefu wa kiasi cha kilomita 1,886, lililokusudiwa kupita chini ya maji ya mto Missouri, karibu na mpaka wao, mahali wanapopata maji ya kunywa. Kambi ya kwanza iliwekwa mwezi Aprili. Kufika mwisho wa mwaka watu walikuwa maelfu, kutoka makabila mengi na nchi mbalimbali. Wazee walisema kuwa ile ni kambi ya ibada, na moto uliwashwa uangaliwe usizimike.

Kampuni yenye bomba ililipa walinzi wa kibinafsi waitwao TigerSwan, ambao kazi yao ya kabla ya hapo ilikuwa katika vita vya Marekani nchi za nje. Mwezi Mei 2017 majalada ya walinzi hao yalitolewa hadharani na gazeti la mtandaoni The Intercept. Ndani yake watu wale wenye kuomba dua kando ya mto walifananishwa na wapiganaji wa jihadi, na kuwapo kwa Wapalestina na Waislamu kambini kuliandikwa kuwa ni jambo la kuchunguzwa zaidi. (Wenzetu wasio Waislamu wanaosema kuwa sisi twalalamika bure juu ya jina hili, na wasome.) Lakini tunalolitaka sisi ni jingine. Iliandikwa humo wazi kuwa kuzitumia tofauti zilizokuwapo baina ya wenyeji na wageni, na baina ya wapole na wakali, ni jambo la lazima katika kuivunjia heshima harakati ile.

Na tofauti zilikuwapo kweli, hapana aliyezizua. Wazee walitaka dua na subira, na baadhi ya vijana walitaka kujifunga kwa minyororo kwenye mitambo. Wenyeji waliona kuwa baadhi ya wageni wa kizungu wamekuja kama waendao tamasha. Fedha za michango ziliingia kwa mamilioni ya dola kupitia mitandao, katika mikono mingi, na manung'uniko yakaja nyuma yake. Tarehe 4 Disemba 2016 idara ya wahandisi wa jeshi ilipokataa kutoa kibali cha kupita chini ya mto, mwenyekiti wa kabila aliwaomba watu warudi makwao kwa kuwa baridi ni kali na ushindi umepatikana. Wengine wakasema hajui asemalo, na wengine wakasema zaidi ya hayo. Mwezi Januari 2017 rais mpya aliamuru bomba liendelee. Kambi ikafutwa mwezi Februari, na mafuta yakaanza kupita mwezi Juni.

Hatusemi kuwa bomba lilipita kwa sababu ya mafarakano. Lilipita kwa nguvu za dola na fedha, na hata kambi ya malaika ingeweza kuondolewa. Twasema jambo dogo zaidi: mlinzi wa kampuni hakuhitaji kuleta ufa kutoka kwao, aliukuta, akaingiza kidole.

Sasa twaja kwenye hukumu. Maulamaa wa tafsiri wameonyesha kuwa katika ile aya ya Suratul Hujurat makatazo matatu yamekuja kwa mpango: dhana, kisha upelelezi, kisha kusengenyana. Ni ngazi yenye kushukiwa. Anayedhani moyo wake haumtulii mpaka achungulie, na aliyechungulia ulimi haumtulii mpaka aseme. Basi mwenye kumtafuta jasusi kwa njia hii hana ala yoyote mkononi ila ujasusi wenyewe. Atasikiliza mlangoni, atafungua barua za watu, ataandika nani amekaa na nani. Kambi iliyokuwa na jasusi mmoja aliyelipwa sasa ina majasusi ishirini wasiolipwa. Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa kiongozi akitafuta shaka katika watu huwaharibu. Ni kiongozi aliyetajwa hapo, wala si jasusi.

Atakuja mwenye kusema: Mtume (s.a.w.) alikuwa na wahyi, aliwajua wanafiki kwa majina yao, nasi hatuna wahyi, tutajikinga kwa nini? Twamjibu kuwa hoja yake ni juu yake. Abdullah bin Ubayy aliondoka na watu kiasi cha mia tatu siku ya Uhud, jeshi likiwa la watu elfu moja, kisha akarudi Madina akawa akisali katika msikiti ule ule. Umar (r.a.) alipotaka ruhusa ya kumwua katika fitina nyingine, Mtume (s.a.w.) alikataa, ili watu wasije wakasema kuwa Muhammad anawaua sahaba zake. Baadaye watu wa Ibn Ubayy wenyewe wakawa ndio wenye kumkemea na kumzuia. Ikiwa aliyejua kwa wahyi hakuitumia elimu hiyo kumwaibisha mtu barazani, asiyejua ila kwa uvumi ana haki gani? Na Usama bin Zayd (r.a.) alipomwua mtu aliyetamka shahada vitani, kwa kudhani kuwa amesema kwa khofu ya upanga, aliulizwa kama alimpasua moyo akaona. Usama alitamani lau angekuwa amesilimu siku ile tu.

Ama hadhari, nayo ina kazi nyingi, na karibu zote hazina utamu wa kutuhumu. Ndiyo maana watu huziepuka. La kwanza ni fedha. Aya ya deni katika Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na ikataja sababu kuwa kufanya hivyo ni karibu zaidi na kutotia shaka. Yaani Mola wetu hakutuachia shaka ya fedha tuiponye kwa uzuri wa nyoyo, ametupa kalamu. Jamaa zetu ngapi hapa mjini zimevunjika, na ukichunguza hukuti mwizi bali hukuti daftari? Mweka hazina ni mtu mwema, baba yake tulimjua, basi kumwuliza hesabu twaona ni kumvunjia heshima. Twamwacha miaka mitatu, kisha siku moja twamwita mla amana mbele ya watu. Laiti angeulizwa kila mwezi, na akajibu kwa karatasi ikabandikwa ukutani, heshima yake ingekuwa salama na yetu pia.

Na kiongozi asingoje kuulizwa. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akimsindikiza mkewe Safiyya (r.a.) usiku, wakapita Ansari wawili wakaharakisha mwendo, aliwasimamisha akawaambia kuwa huyu ni Safiyya. Wakastaajabu kuwa wangewezaje kumdhania yeye. Akawaambia kuwa shetani hupita katika mwanadamu mapito ya damu. Ikiwa yeye, aliyehifadhiwa na makosa, aliondoa shaka kabla haijazaliwa, kiongozi wa kambi au wa jumuiya aliyekwenda kuonana na wakubwa kwa siri kisha akakasirika kuulizwa, amejidhulumu mwenyewe.

La pili ni siri. Mambo yasiyo ya siri yasifanywe siri. Mkusanyiko wa kudai haki kwa njia ya wazi, ukiwa maneno yake ya ndani ni yale yale ya nje, jasusi atapata nini humo? Atapeleka khabari kuwa watu wanadai maji yao. Lenye kustahiki kufichwa, kama majina ya walio hatarini, na wawe nalo wachache wanaolihitaji kwa kazi yao, wala kutojua kwa wengine kusiwe ni hukumu juu yao.

La tatu ni kuwa hukumu iwe juu ya tendo. Anayewachochea wenziwe wachome au wapige, azuiwe, awe jasusi au awe mjinga. Tendo ni moja na dawa ni moja. Durham angepigiwa kura ya ujasusi huenda angeshinda; lakini lau chama kingekuwa na kanuni kuwa hapana mtu mmoja, awe nani, anayeshika mlango na siri na masikio ya viongozi kwa pamoja, ujasusi wake ungekuwa na faida ndogo.

Na ikiwa dalili imepatikana kweli? Hapa tuna kisa cha Hatib bin Abi Baltaa (r.a.), mwaka wa nane wa Hijra, alipowaandikia Maquraishi kuwajulisha kuwa Mtume (s.a.w.) anakuja Makka. Ujasusi huu ni wa kweli, na Mtume (s.a.w.) ameujua kwa wahyi. Hata hivyo aliwatuma kina Ali na Zubayr (r.a.) wamfuate mwanamke aliyechukua barua mpaka waipate, na wakaipata katika nywele zake. Kwanza ni barua mkononi. Kisha Hatib aliitwa mwenyewe akaulizwa uso kwa uso, ni nini hii? Akaomba asiharakiwe, akaeleza kuwa ana jamaa Makka wasio na wa kuwalinda. Umar (r.a.) alitaka shingo yake. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa amesema kweli, akataja kuwa mtu huyu alikuwapo Badr. Hapana katika kisa chote mnong'ono, wala mtu kuambiwa na mwenzake kando ya njia kuwa ajihadhari na fulani.

Mafakihi wamekhitalifiana juu ya adabu ya Muislamu aliyethibitika ujasusi. Imamu Shafii (r.a.), ambaye sisi watu wa pwani twafuata madhehebu yake, hakuona kuwa damu yake ni halali kwa hilo, ni kutiwa adabu. Imamu Malik aliliacha kwa ijtihadi ya kiongozi, na wako waliosema makali zaidi. Lakini wote wanazungumza juu ya mtawala na kadhi, baada ya kuthibitika. Watu waliokaa kambini si kadhi. Mwisho wa uwezo wao ni kumtoa mtu katika kazi waliyompa, na kusema alichofanya, si kusema alivyo.

Limebaki jambo moja ambalo vijana hawakuuliza, na sisi twaona ndilo zito kuliko yote: haki ya aliyetuhumiwa akaonekana safi. Kwa desturi yetu neno hutangazwa barazani na udhuru hutolewa chumbani, tena kwa kusema kuwa yaliyopita yamepita. Katika madhehebu yetu, toba ya mwenye kumsingizia mtu zinaa haikamiliki mpaka ajikadhibishe mwenyewe kwa ulimi, na katika kisa cha uzushi juu ya Mama Aisha (r.a.) kutakasika kwake kulishushwa katika Qur'ani isomwayo hadharani mpaka leo. Kwa kipimo hicho, aliyemwita nduguye jasusi mbele ya watu mia, hana toba ya siri. Na awaite wale mia.

Mwaka 2004 mwili wa Anna Mae Aquash ulifukuliwa Dakota ukarudishwa kwao Nova Scotia, ukazikwa tena baada ya miaka ishirini na minane. Mahakama iliwapata wawili waliomwua. Waliolipokezana lile neno juu yake, katika vikao na majikoni na njiani, hawakuwa wawili.